Kiti cha Bwana Rudia

Baba mkwe wangu aliwafelisha watu udereva maisha yake yote ya kazi, na mshahara akalipwa. Mjini kwetu ukitaja jina lake halisi watu watakuuliza ni nani huyo. Ukisema Bwana Rudia, hata mtoto wa chekechea atakuonyesha nyumba. Alikuwa mtahini wa madereva. Alikaa kwenye kiti chake kifupi cha kukunja, kwenye kona ya mbele ya uwanja wa majaribio, wewe ukarudi kinyumenyume kati ya mistari mpaka karibu na mstari wa nyuma, na ulipozima injini alisema neno moja, bila ukali, kama mtu anayekutajia saa: "Rudia."

Alimwambia mwenye duka la dawa. Alimwambia mwalimu wa kwaya, aliyetoka pale akiwa hana sauti. Alimwambia hata mwanawe wa kumzaa, ambaye leo ni mume wangu. Mume wangu aliipata leseni yake wiki ile baba yake alipolazwa kwa maumivu ya tumbo, akatahiniwa na mtu mwingine. Mpaka leo mzee anaiita leseni ya tumbo, na kila gari likitikisika kidogo barabarani anasema, "Tumbo hilo."

Na mimi aliniambia. Nilikuwa msichana, nina gari la kuazima na viatu vipya nilivyovinunua kwa ajili ya siku hiyo. Gurudumu limegusa mstari wa nyuma, rudia. Nikarudia, likagusa. Nikaja tena baada ya kufanya mazoezi mpaka shingo ikakakamaa kwa kugeuka nyuma, likagusa tena. Siku hiyo nilitoka getini nikilia, nikamkuta kijana amekaa kwenye jiwe akimsubiri baba yake atoke kazini. Akaniambia, "Usilie, dada. Mimi ni damu yake na nimefeli." Ndoa yetu ilianzia kwenye jiwe lile.

Baada ya harusi sikurudi uwanjani. Mkwe hawezi kwenda kumpigia honi baba mkwe wake, na isitoshe nilishakubali moyoni kwamba mimi na kurudi nyuma hatupatani. Nikawa mwokaji wa keki asiyeweza kuzipeleka keki zake. Namsubiri mume atoke kazini, au namkodi dereva wa teksi anayekata kona kama anakimbia polisi, na keki ya ghorofa inafika kwa mteja ikiwa imeinama kama mtu anayetafuta sarafu.

Mzee akastaafu. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo akahamia kwetu na begi lake na kile kiti. Akakifungua jikoni kwangu, kwenye kona ya mbele, akakaa. Kama hujawahi kupaka keki krimu mbele ya mtahini aliyestaafu, shukuru. Hakuwa mkali. Alikuwa akitazama tu, na nilipomaliza, akasema, "Hapo ukingoni. Rudia." Nilirudia keki, nilirudia wali, siku moja nilirudia kufagia. Nilikuwa naingia stoo na kuuma kitambaa ili nisiseme neno ambalo mkwe hasemi.

Ndipo nikasikia kwamba chuo cha mjini kinawaruhusu wastaafu kusoma somo mojamoja. Nikamwimbia mzee wimbo huo asubuhi na jioni. Akaenda, akapitia orodha ya masomo, akarudi amechagua kemia ya jumla, upande wa maabara.

"Kwa nini kemia, baba?" nikamuuliza.

"Mengine yote ni maneno," akasema. "Hili lina vyombo. Mtu anatahiniwa kwa mikono yake."

Nilifurahi mpaka nikampikia mboga anayoipenda. Sikujua kwamba kemia nayo ingehamia kwetu.

Muhula wa kwanza alifeli. Wahenga walishasema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alikuja nyumbani akakaa kwenye kiti chake na hakusema rudia kwa chochote, hata nilipounguza vitunguu makusudi ili nimchangamshe. Chuo kilimpa nafasi moja ya kurudia somo. Akifeli safari hii jina lake linaondolewa, na kiti kinarudi jikoni kwangu moja kwa moja, mpaka mmoja wetu afe. Sijawahi kumwombea mtu afaulu kama nilivyomwombea yule mzee.

Kulikuwa na tatizo jingine. Mwalimu wa maabara safari hii alikuwa mwanamke kijana ambaye mzee aliwahi kumfelisha, na ambaye mpaka leo anakwenda kazini kwa miguu na mwavuli.

"Amenitambua," mzee akaniambia.

"Amesema nini?"

"Amesema, karibu, mzee."

"Hiyo si salamu tu, baba?"

"Hata mimi nilikuwa naanza hivyohivyo," akasema.

Basi tukaanza marudio ya mtihani, mimi na yeye, jikoni. Mimi kemia sijui kichwa wala mkia. Kazi yangu ilikuwa kushika karatasi za chuo, kusoma swali, na kuangalia kama anachosema kinafanana na kilichoandikwa. Yeye akasema hakuna marudio bila mazingira. Kesho yake nikaingia jikoni nikamkuta amevaa ile miwani mikubwa ya plastiki ya kulinda macho, amefunga koti jeupe mpaka shingoni, na ameweka ndoo ya maji mlangoni yenye kibandiko: KUOSHEA MACHO. Akanitazama miguuni.

"Ndala hairuhusiwi maabara," akasema.

"Baba, hili ni jiko."

"Asidi haiulizi."

Nikavaa viatu vya kanisani. Mume wangu alirudi kutoka kazini akapewa miwani mlangoni, akaivaa bila kuuliza, maana alilelewa na mtu huyo. Kanuni iliyonitesa zaidi ilikuwa ile ya kutokula wala kuonja kitu chochote ndani ya maabara. Tulikula uani, na mimi, mwokaji wa keki, nikakatazwa kuonja keki. Nikikiinua kijiko tu, nasikia nyuma yangu, "Mwanangu, kinywa."

Kanuni hiyo peke yake nisingeikumbuka sana kama isingekutana na nyingine. Mtihani ulikuwa na swali la kutambua unga mweupe usiojulikana, kwa kuupima na si kwa kuuonja. Mzee akaona afanye mazoezi. Akabandua vibandiko vyote kwenye makopo yangu, akavibadilisha na vyake: CHEUPE A, CHEUPE B, CHEUPE C, CHEUPE D. Kisha akamimina siki kwenye kila kimoja, kidogo, ndani ya kisahani. Kimoja kikatoa povu, akapiga kofi la furaha: magadi. Kingine kikafanya donge: unga wa ngano. Vilibaki viwili visivyosema kitu, sukari na chumvi, na hapo siki ikawa imefika mwisho wa elimu yake.

"Kwa hiyo sukari ni ipi?" nikamuuliza, maana nilikuwa na keki ya uchumba ya kuoka.

"Kwa ushahidi tulionao," akasema, "siwezi kukuambia kwa uhakika."

"Nionje tu kidogo, baba. Ncha ya kidole."

"Hatuonji."

Nikachagua CHEUPE B kwa imani. Ile keki ilikuwa nzuri kuitazama, mzee mwenyewe alisema ukingo umenyooka. Mama wa bibi harusi mtarajiwa aliirudisha kesho yake akiwa ameishika mbali na mwili, akanieleza kwa upole unaotisha kwamba mkwe wake mtarajiwa alidhani ni mtihani wa uvumilivu, akala kipande kizima. Nilimwomba radhi mpaka nikakosa maneno. Nilipoingia ndani mzee alikuwa ameshaandika upya kibandiko cha kopo: CHEUPE B, CHUMVI, IMETHIBITISHWA.

Siwezi kusema kwamba yote yalikuwa hasara. Kuna kanuni isemayo ukitaka kuchanganya asidi kali na maji, unatia asidi kwenye maji, kidogokidogo, ukikoroga. Ukimwagia maji kwenye asidi inachemka na kukurukia usoni. Siku mume wangu alipofika nyumbani anatoa moshi kwa sababu ya bosi wake, nikafungua mdomo nimwambie na bomba la maji limepasuka. Mzee akaninyooshea kidole. "Usimwagie kwenye asidi," akaninong'oneza. Nikanyamaza, nikamwekea maji ya kuoga, nikamwacha apoe, ndipo nikamtilia habari ya bomba kwa matone. Hakuruka. Nikasema kumbe chuo kile hakiibi watu.

Lakini tulipofika kwenye tarakimu za maana, alinitia aibu mtaani. Wazo lenyewe ni kwamba huwezi kudai undani ambao kifaa chako hakiuoni. Kama mzani unaonyesha kilo tu, usitaje gramu. Mwuza nyama akampimia kwenye mzani wake wa sindano inayotetemeka, akamtajia uzito mpaka gramu ya mwisho. Mzee akamwuliza gramu hizo amezipata wapi. Jamaa akasema mzani umesema. Mzee akasema mzani haujasema, ni yeye anayeuwekea maneno mdomoni. Foleni ikarefuka, watu wakaanza kuguna, mpaka mtu mmoja nyuma akasema, "Bwana Rudia ameanza na nyama sasa," na tukatoka pale bila nyama. Njiani nikamwuliza kwa hasira kwani yeye mwenyewe ana umri gani, aliyezaliwa siku isiyoandikwa na mtu yeyote. Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Sabini," akasema, "lakini sifuri yake usiitegemee."

Ikabaki siku moja kabla ya mtihani, na karatasi zikabaki chache. Nikamsomea swali: kuna tofauti gani kati ya uthabiti na usahihi?

Hilo alilipenda. Akasimama kama yuko mbele ya darasa. "Mtu anarusha mawe kwenye kopo," akasema. "Yakianguka yote pamoja, mahali pamoja, huyo ni thabiti. Yakiligonga kopo, huyo ni sahihi. Unaweza kuwa thabiti na usiwe sahihi." Kisha akaketi na kuongeza, kwa kuridhika, "Mimi kazini nilikuwa thabiti. Ulizia popote. Gari lilelile, mahali palepale, jibu lilelile, kwa tajiri na kwa maskini."

Nikasoma linalofuata: eleza aina mbili za makosa ya vipimo.

"Kuna kosa la kubahatisha," akasema. "Hilo linakuvuta mara huku mara kule, na ukirudia kipimo mara nyingi, linajisawazisha lenyewe. Na kuna kosa la kudumu, la kifaa au la namna unavyotazama. Hilo linakuvuta upande mmoja siku zote. Ukirudia, unalikuta palepale. Ukirudia mpaka kiama, unalikuta palepale."

Alilisema kama kasuku mzuri, nami nikaweka alama ya vyema. Hakuna kati yetu aliyesikia alichokisema.

Swali la mwisho lilikuwa la kusoma bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye bomba dogo chini unaotumika kudondoshea asidi au besi. Bureti hatukuwa nayo, tukachukua jagi langu la kupimia, la kioo, lenye mistari. Nikatia maji. Mimi nikasoma nikiwa nimesimama, yeye akasoma akiwa amekaa kwenye kiti chake, na tukapata majibu mawili. Nikamwambia amekosea. Akaniambia nimekosea mimi. Tukabishana mpaka nikakumbuka kwamba karatasi ninayo mkononi.

"Maji ndani ya kioo yanapinda," nikamsomea. "Usome chini ya mpindo, na jicho lako liwe sawasawa na uso wa maji. Jicho likiwa juu au chini, utaona mstari ambao si wake." Nikaishusha karatasi. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, baba. Tuiname wote."

Akachuchumaa, magoti yakalia. Akasoma. Akasimama, akasoma. Akakaa kitini, akasoma. Akachuchumaa tena. Nikadhani amekwama, nikataka kumsaidia ainuke, akaukataa mkono wangu. Alikuwa analitazama jagi kama mtu aliyeona jina lake kwenye gazeti.

"Mwanangu," akasema, "kiti changu pale uwanjani kilikuwa wapi?"

"Kona ya mbele, kwenye kivuli. Kwani umesahau?"

"Na gari lilikuwa linarudi kuelekea wapi?"

"Nyuma, baba. Mbali na wewe. Ndiyo kurudi nyuma kwenyewe."

Akanyanyuka. Akachukua mfuko wangu wa krimu akachora mstari mweupe kukatiza meza yangu, bila kuniomba. Akaweka kiberiti mbele ya mstari, akaacha uwazi wa upana wa kidole. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti chake upande wa pili wa meza, akashusha kichwa mpaka kiberiti kikawa kati yake na mstari.

"Kimegusa," akasema, taratibu.

"Hakijagusa, baba. Mimi nauona uwazi huu hapa."

"Njoo ukae."

Sikuwa nimewahi kukaa kwenye kile kiti. Nikakaa, nikainamisha kichwa. Kutoka pale, kiberiti kilikuwa kimekalia mstari kabisa. Nikasimama, uwazi ukarudi. Nikakaa, ukapotea.

"Kwa hiyo waliousogelea mstari vizuri, bila kuugusa," akasema, "wote niliwaona wameugusa."

Nikainuka kwenye kiti chake.

"Na niliowapitisha ni wale waliosimama mbali nao. Wasiojua kurudi nyuma."

Nje, kwenye mtaa wetu, mtu alikuwa anajaribu kuegesha gari, na wengine walikuwa wanampigia honi. Iliendelea kwa muda mrefu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kila honi ikimwingia.

Sasa niseme ukweli wangu. Sikumhurumia. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Niliziona keki zangu zote zilizoinama, teksi zote, jioni zote nilizosimama dirishani nikimsubiri mume anipeleke kwa mteja kama mtoto. Nilijiambia miaka yote kwamba sina jicho, sina shingo, sina akili ya usukani. Kumbe nilikuwa na kila kitu; aliyekosa ni mtu aliyekaa kivulini. Nikaenda stoo kuuma kitambaa, nikakitema, nikasema kwa sauti lile neno ambalo mkwe hasemi. Na nikatamani afeli. Nilitaka yule mwalimu mwenye mwavuli amtazame usoni amwambie rudia, kisha mlango ufungwe.

Asubuhi ya mtihani nilimkuta jikoni amevaa suti yake ya kazini, miwani ya plastiki mapajani, kiti kimekunjwa kimeegemezwa ukutani.

"Siendi," akasema.

"Kwa nini?"

"Nikawaombe wanipe alama za kusoma kipimo? Mimi? Nitakaa hapa nyumbani. Nitakusaidia kazi za jikoni."

Hasira yangu na jiko langu vilishindana hapo hapo, mbele ya sinki, na jiko likashinda. Lakini si hilo tu. Nilimwona mzee mzima ameishika ile miwani ya kitoto kwa mikono miwili, na moyo ukanisaliti.

"Karatasi zenu zinasema nini," nikamwuliza, "mtu akiandika kipimo kikawa si sahihi? Anafuta?"

"Hafuti," akasema. "Kufuta ni marufuku. Anakikata kwa mstari mmoja, ili kiendelee kusomeka, anaandika sahihi pembeni, anatia saini."

"Na akikaa jikoni kwa mkwe wake?"

Akafikiri. "Hilo halimo kwenye karatasi."

"Basi simama, baba. Utachelewa."

Mume wangu akatupeleka. Ndani ya maabara sikuruhusiwa, nilikuwa na ndala, kwa hiyo nikasimama nje kwenye dirisha la vioo vya kupanga, chakula chake cha mchana mkononi. Niliona meza ndefu, vijana wa umri wa kuwa wajukuu zake, na yeye katikati na suti chini ya koti jeupe. Kazi ilikuwa kudondosha. Asidi iko ndani ya chupa pamoja na matone ya dawa ya kuonyesha rangi, besi iko kwenye bureti juu, na unadondosha tone kwa tone mpaka chupa igeuke waridi hafifu, waridi ya kukisia, ikae. Ukizidisha tone moja inakuwa nyekundu ya kucha za harusi, na huwezi kulitoa tone. Maji yakimwagika hayazoleki.

Alizidisha. Niliona mwenyewe kutoka dirishani. Alichelewa kulifunga lile bomba dogo na chupa ikawaka nyekundu. Mwalimu akafika, akaitazama chupa, akamtazama yeye.

"Rudia, mzee," akasema.

Nilichokitamani usiku kilikuwa hicho, neno kwa neno, na kilinichoma kama nimekimeza mimi. Mzee aliinamisha kichwa. Akavua miwani, akaikunja, akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Unakwenda wapi?" mwalimu akamwuliza.

"Umesema nirudie. Nimeelewa. Nyumbani."

"Mzee, kila mtu humu anarudia. Ndiyo kazi yenyewe. Nani anaamini kipimo cha mara moja?" Akamwekea chupa safi mbele yake. "Kata kile ulichoandika, osha, rudia. Hapa nataka vipimo vinavyokubaliana. Na ukisoma, uiname."

Mzee akabaki ameshika kifungo. "Mwalimu," akasema, "siku ile uwanjani. Sidhani kama gurudumu lako liligusa."

Vijana wote wakageuka. Mwalimu akaangalia mwavuli wake ulioning'inia mlangoni, akaangalia saa ya ukutani. "Leo tunapima asidi, mzee," akasema. "Hayo tutayapima baadaye."

Akavaa miwani. Akakata mstari mmoja, akatia saini kubwa ile ya vyeti. Kila aliposoma bureti alipiga magoti kabisa, kwa suti, jicho sawasawa na maji, na vijana wawili wakaacha kazi yao kumtazama kama yuko kwenye sala. Chupa ya mwisho ilipogeuka, ilikuwa waridi ambayo ungeapa hakuna kitu. Mwalimu akaiinua kwenye mwanga, akavisoma vipimo vyake vilivyoandikwa, akaweka alama ya vyema na kusogea kwa mtu mwingine. Hakusema karibu tena, wala hakusema hongera. Alipofika mwisho wa meza ndipo nilipomwona akitabasamu peke yake.

Mzee alitoka, akapokea chakula, hakula. "Nimepita," akasema.

"Hongera, baba."

"Mwambie mumeo apitie uwanjani."

Uwanja ulikuwa mtupu wakati ule, mlinzi akatufungulia geti kwa saluti ya zamani. Mistari ilikuwa ileile, imepakwa rangi upya. Mzee akamwambia mwanawe ashuke, akanipa funguo mimi. Leseni hakuweza kunipa, si mtahini tena, na alilisema hilo kabla sijauliza. Nilitaka kukataa. Nilitaka kumwambia nimezeeka, nimesahau, viatu vyenyewe ni ndala. Nikakaa kwenye usukani.

Shingo ilikumbuka. Nikageuka nyuma, nikaachia klachi, gari likaanza kurudi kati ya mistari kama vile siku zote zilizopita hazikuwepo. Kwenye kona ya mbele mzee hakuwepo. Nilimwona kwenye kioo, nyuma, pembeni mwa mstari, amelala kifudifudi kwenye saruji na suti yake ya kazini, miwani ya plastiki machoni, shavu karibu liguse ardhi. Mlinzi alikuwa ameacha geti wazi kwa mshangao. Nikasogea, nikasogea, nikasimama mahali ambapo siku zile nilikuwa nasimama. Nikazima injini.

Nikasikia mzee anajikokota kidogo ili aone vizuri zaidi.

"Halijagusa," akasema.

Mikono ilikuwa bado kwenye usukani na nilikuwa nalia, kama nilivyolia siku ile getini, na mume wangu amekaa kwenye jiwe lilelile. Nikatoa kichwa dirishani.

"Rudia, baba," nikamwambia.

Alikuwa bado amelala pale chini. Akalitazama tena gurudumu, bila haraka, akiwa ameliwekea jicho sawasawa.

"Halijagusa," akasema.